Mpimaji Aliye Kwenye Mizani

Wazee walisema, penye miti hapana wajenzi. Msemo huu haukusudii misitu peke yake. Ziko ofisi, hospitali na maghala mengi katika nchi yetu ambamo miti imejaa tele, nayo ni watu wenye akili na ujuzi. Lakini msimamizi hupita katikati yao kila asubuhi akilalamika kwamba hana watu wa kazi.

Hebu tupande kwa fikira hadi Kamachumu, katika uwanda wa juu wa Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera. Hiyo ni nchi ya migomba na mibuni. Msimu ufikapo, mkulima huleta kahawa yake ya maganda, iliyokaushwa juani, katika ghala la chama cha msingi. Tumchukue kwa mfano mpimaji mmoja tu, asiye na jina, ambaye kazi yake iliyoandikwa ni kusimama penye mizani na kutaja kilo. Miaka kumi amesimama hapo. Sasa akichota konzi moja ya kahawa na kuitikisa karibu na sikio, hujua kama imekauka au bado ina maji. Maana punje iliyokauka vema hulia ndani ya ganda, na ile mbichi hukaa kimya. Anajua nani huanika juu ya jamvi na nani huanika juu ya udongo mtupu. Anayajua haya yote, wala hapana aliyemwuliza.

Hasara yake si ndogo. Kahawa yenye maji huwa nzito siku ya kupimwa, na baada ya majuma machache ghalani huwa nyepesi, au huota ukungu. Upungufu huo hulipwa na chama, yaani na wakulima wenyewe. Wakati huohuo kamati yaweza kuwa imeketi kikaoni ikitafuta mtaalamu wa kutoka mjini aje kueleza upungufu umetoka wapi. Mwenye jibu yuko nje ya mlango, akingoja kuamriwa afunge ghala.

Desturi hii ya kumwona mtumishi kuwa ni mikono isiyo na kichwa tuliirithi. Katika utawala wa kikoloni karani alitakiwa anakili, tarishi abebe, na bwana mkubwa peke yake afikiri. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 hatua kadhaa zilichukuliwa ili kuikomesha. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukawakemea viongozi wenye kiburi na dharau. Mwaka 1973 ikaagizwa kwamba mahali pa kazi pawe na mpango wa elimu kwa wafanyakazi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likafungua mlango wa Chuo Kikuu kwa watu waliokwisha kufanya kazi, na pendekezo la mahali pao pa kazi likawa sehemu ya sifa zao.

Tuseme kweli: si yote yaliyofaulu. Mabaraza mengi yalibaki kutoa ushauri tu, na meneja akabaki na neno la mwisho. Mtu akiulizwa maoni kila mara, na kila mara yakatupwa, mwishowe hunyamaza.

Lakini uko mfano uliofaulu, nao umo katika hospitali. Watu wa Kamachumu, walio na hospitali ya Ndolage jirani yao, wanajua thamani ya mkono wenye ujuzi pale mama anaposhikwa na uchungu usiku wa manane. Tanganyika ilipopata Uhuru, madaktari wazalendo walihesabiwa kuwa 12 tu. Kungoja hadi wapatikane madaktari wa kutosha wenye shahada kungekuwa sawa na kuwaacha wagonjwa wafe. Kwa hiyo tangu mwaka 1963 wakaanza kufunzwa madaktari wasaidizi: matabibu waliokwisha kufanya kazi kwa miaka, wakapewa mafunzo zaidi, miongoni mwayo upasuaji wa kumwokoa mama na mtoto.

Wako waliotia shaka. Jibu lilitoka kazini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009, uliofanywa katika hospitali za Mwanza na Kigoma, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi ilifanywa na madaktari wasaidizi, na haukuona tofauti kubwa kati ya matokeo ya kazi yao na yale ya madaktari wenye shahada.

Yafaa tuangalie siri ya mafanikio hayo. Watu wale hawakupewa cheo kikubwa na kuachwa. Kwanza ujuzi wao wa awali ulitambuliwa. Pili wakafundishwa yale waliyopungukiwa. Tatu wakapewa madaraka yanayolingana na mafunzo yao. Likikosekana moja, mengine hayafai. Na kumwongezea mtu mzigo bila kumwongezea mafunzo, madaraka wala mshahara si kumwendeleza; ni kumnyonya kwa maneno matamu.

Mfanyakazi naye ana wajibu wake. Ujuzi uliofichwa hauwezi kupimwa. Leo VETA huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi kwa mikono yao bila kupita darasani. Mwashi au seremala mwenye nafasi hiyo asiidharau. Wala aliyeinuka asiwafiche wenzake aliyoyajua.

Ndugu wasimamizi, jambo hili halihitaji fedha nyingi ili lianze. Msimu ujao, kabla ya kuandika barua ya kuomba mtaalamu kutoka mjini, kamati na imwite mpimaji wake. Impe kiti, imsikilize hadi mwisho, na imweleze wazi ni lipi katika maneno yake litakalofanyika na ni lipi halitafanyika, na kwa sababu gani. Kisha impe mamlaka ya kuirudisha kahawa yenye maji, hata kama mwenye mzigo huo ni mjumbe wa kamati.