Megawati 300 za Mtwara na Waya wa Nachingwea

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, lakini ilikaa chini ya ardhi zaidi ya miaka 20 kabla ya kuanza kuzungusha mitambo ya umeme mjini Mtwara. Uwezo wa mitambo hiyo ulifikia megawati 18. Kwa muda mrefu Lindi na Mtwara hazikuwa kwenye gridi ya Taifa, hivyo mashine zikigoma pwani, Nachingwea na Ruangwa, wilaya za bara mkoani Lindi, nazo ziliingia gizani. Hapakuwa na pa kuazima umeme.

Sasa upo mpango wa TANESCO, shirika la umeme, wa kituo kipya cha gesi cha megawati 300 mkoani Mtwara, pamoja na laini ya kilovoti 400 hadi Somanga Fungu. Msomaji wa Ruangwa akitazama ramani ataona mara moja kwamba laini hiyo inapanda kaskazini. Yeye yuko magharibi.

Kituo cha namna hii hakijengwi bila Tathmini ya Athari kwa Mazingira, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mamlaka ya Taifa ya mazingira hupitia ripoti, wataalamu hukagua eneo, wananchi husikilizwa, ndipo cheti kitolewe au kikataliwe. Leseni ya kuzalisha umeme ni shauri jingine, la EWURA, mdhibiti wa nishati na maji.

Wataalamu wa mazingira wanapima nini? Kwanza moshi, ingawa wa gesi hauonekani. Mwali ukizidi nyuzi joto 1,500 hivi, naitrojeni na oksijeni ya hewa ile ile tunayovuta huungana na kuwa oksidi zinazochoma mapafu. Dawa yake ni kuchanganya gesi na hewa nyingi kabla ya kuwasha, ili mwali upoe kidogo. Pili, hewa ukaa. Mtambo unaotumia joto la moshi wake kuzalisha umeme mara ya pili hutoa kama kilo 0.4 kwa kila uniti, yaani takriban tani 120 kwa saa kituo cha megawati 300 kikifanya kazi kwa nguvu zote. Makaa ya mawe yangetoa zaidi ya mara mbili. Lakini hesabu hiyo nzuri huharibika bomba likivuja: kwa kipindi cha miaka 20, methani hunasa joto takriban mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule. Ningekuwa mkaguzi, ningeanzia kwenye maungio ya mabomba.

Hayo yote ni ya ndani ya uzio. Kwa watu wa Nachingwea, fizikia inayowahusu zaidi iko kwenye nguzo.

Umeme unaopotea njiani kama joto hutegemea mkondo, tena kwa mraba wake: mkondo ukiongezeka mara mbili, hasara inakuwa mara nne. Ukipandisha msongo, yaani volti, mkondo unashuka kwa nguvu ile ile. Kwa hiyo, katika waya wa aina moja, laini ya kilovoti 132 hupoteza sehemu moja tu ya 16 ya kile kinachopotea kwenye kilovoti 33. Mtwara na Nachingwea zimeachana zaidi ya kilomita 150. Umbali huo si wa kilovoti 33. Ukiibebesha laini ya msongo huo, mtu wa mwisho hupata ule umeme ambao wenyewe huuita “mdogo”: taa inafifia, friji inanguruma bila kugandisha, mota ya kinu inaungua. Na Ruangwa si ya taa tu tena. Madini ya kinywe yanahitaji mitambo ya kusaga mawe mchana na usiku.

Ndiyo maana laini ya kilovoti 220 kutoka Songea kupitia Tunduru hadi Masasi, jirani na Nachingwea, ina uzito zaidi kwa wilaya hizi kuliko megawati zozote za pwani. Hili halisemwi vya kutosha.

Nachingwea inaijua mipango mikubwa. Kwa ajili ya Mradi wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ilijengwa bandari Mtwara na reli hadi Nachingwea, ilhali mvua na udongo havijapimwa ipasavyo. Mradi ukafa mwaka 1951, na reli ikaja kung’olewa.

Basi ripoti ya kituo kipya iwe na jedwali moja la ziada, linaloonyesha msongo utakaofika kwenye transfoma ya mwisho Nachingwea na Ruangwa saa moja usiku, watu wote wakiwa wamewasha. Mhandisi aliye na vipimo vya laini anaweza kulikokotoa.