Vijidudu Vinavyobandua Mafuta Maweni

Watu wengi hudhani ya kuwa mafuta ya petroli hukaa ardhini kama maji mtungini. Sivyo: hukaa katika vitundu vidogo vya mawe, na yaliyo mazito hunata humo kama asali, hata sehemu kubwa huachwa chini.

Katika miaka ya 1940 mtaalamu wa Marekani, Claude ZoBell, alionyesha ya kuwa vijidudu fulani huweza kuyabandua. Vijidudu vya namna hii vikilishwa molasi kisimani, hutoa gesi inayoyasukuma mafuta, na kitu mfano wa sabuni kinachoyalegeza. Lakini sharti vichaguliwe: viko vinavyotoa gesi yenye uvundo wa mayai viza, nayo hula mabomba ya chuma.

Huko Daqing, nchini China, tangu miaka ya 1990 maji ya kusukumia mafuta hutiwa dawa ya kuyafanya maji yenyewe yawe mazito, yasije yakapita mbio na kuyaacha mafuta nyuma.