Jua la utosini huharibu picha za harusi

WAPIGAPICHA chipukizi hudhani jua kali ndilo rafiki yao. La hasha! Humu nchini, karibu na ikweta, jua la saa sita huwa utosini, na macho ya bi harusi huzama kivulini. Isitoshe, kamera hupima mwanga kwa wastani: ikijaa gauni jeupe hupunguza mwanga, na uso mweusi ukafifia. Harusi nayo hairudiwi.

Kummulika ana kwa ana hufuta umbo la uso. Heri umsogeze kwenye kivuli cha veranda, atazame penye uwazi, na mwenzako ashike shuka jeupe chini ya kifua chake lirudishe mwanga. Pimia mwanga usoni, si kwenye gauni. Katika video kanuni ni iyo hiyo, ila bi harusi hutembea, na shuka sharti limfuate.