Kolombia: Siku 16 za mume na mke wa Bukavu katika nchi inayocheza muziki wa Kongo

Mwezi wa nane mwaka 2025 mimi na bibi yangu tulitimiza miaka 10 ya ndoa. Wote wawili tulizaliwa Bukavu, na leo tunaishi Liège, nchini Ubelgiji. Kwa miaka mitatu tulikuwa tunaweka makuta kidogo kidogo, ili siku moja tufanye safari ambayo hatukuweza kuifanya wakati wa arusi. Tulichagua Kolombia, nchi ya Amerika ya Kusini ambayo watu wengi kwetu wanaifahamu kwa Shakira, mpira wa miguu na biashara ya madawa ya kulevya.

Wazo lilikuwa la bibi yangu. Kwenye simu aliona video ya vijana wa Cartagena wakicheza mbele ya baffle kubwa kama ukuta wa nyumba. Gitaa iliyokuwa inalia ilikuwa ya Kinshasa. Akasema, kama Mungu atatupa nguvu, atakwenda kuona watu hao kwa macho yake.

Safari iliyobaki kidogo ifutwe

Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu. Mwezi uliofuata, mama mkwe wangu akafariki kule. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulikuwa umefungwa, wa Goma pia. Hatukuweza kwenda kumzika. Tulifuata mazishi kwa simu, na reseau ilikatika wakati jeneza lilikuwa linateremshwa. Iliporudi, watu walikuwa wanatawanyika.

Sehemu ya akiba yetu ilikwenda kwenye kilio. Tiketi za ndege zilikuwa zimekwisha kulipwa, na kampuni ilikataa kurudisha feza. Katika familia wengine walituambia twende, mwili upumzike. Wengine waliuliza namna gani mtu anatembea kwa raha wakati ndugu zake wanalala na njaa. Maneno hayo yalituuma, kwa sababu hata sisi tulikuwa tunajiuliza hivyo. Tulitoka nyumbani tarehe 9 mwezi wa nane, bila furaha kubwa.

Bogotá, mji wa baridi

Kutoka Madrid hadi Bogotá ndege inafanya karibu saa 10. Mji huo mkuu uko kwenye mita 2.600 juu ya bahari. Bukavu yetu iko karibu na mita 1.500, na bado tunasema kuna baridi! Siku mbili za kwanza kichwa kiliuma na kupanda ngazi kulikata pumzi. Mwenye nyumba tulimolala alitupa ushauri mzuri: tembeeni polepole, kunyweni maji mengi, milima muiache kwanza.

Siku ya Mungu tulikuta barabara kubwa za mji zimefungwa kwa magari tangu saa moja asubuhi hadi saa nane mchana. Watu wanapita kwa miguu na kwa baiskeli, wazee kwa watoto, maskini kwa matajiri. Desturi hiyo inaitwa Ciclovía na ilianza katika miaka ya 1970. Bibi yangu aliwaza barabara ya Lumumba ikifungwa hivyo kila Siku ya Mungu, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani.

Karibu na Bogotá kuna mji wa Zipaquirá, ambako wachimbaji wa chumvi walichonga kanisa ndani ya mlima, zaidi ya mita 150 chini ya ardhi. Kanisa la sasa lilifunguliwa mwaka 1995. Kuta ni chumvi, na misalaba imechongwa katika mwamba wenyewe. Sisi tunaotoka katika nchi ya machimbo tulisimama pale kwa muda mrefu. Kwetu mashimo tunayafahamu zaidi kwa habari za kuporomoka.

Kahawa: somo kwa watu wa Kivu

Kutoka Bogotá tulipanda basi kuelekea Armenia, katika eneo la kahawa. Safari ilichukua saa nane, tukalipa karibu dola 20 kila mmoja. Njia inapanda milima ya Andes, kisha inaingia katika tuneli ya La Línea, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 8, iliyofunguliwa mwaka 2020. Mtu aliyewahi kulala njiani kati ya Bukavu na Goma kwa sababu ya matope ataelewa kwa nini tulipiga makofi tulipotoka upande wa pili.

Tulilala Salento, mji mdogo wenye nyumba za rangi. Bonde la Cocora liko karibu. Kule kunaota michikichi ya nta, mti wa taifa wa Kolombia, unaoweza kufikia mita 60. Ni mrefu na mwembamba, na ukungu unapita katikati yake.

Lakini kilichotushika zaidi ni shamba la kahawa. Mkulima aliyetupokea ana hekta mbili na nusu tu. Kahawa yake ni arabika, kama ile ya Kalehe, Idjwi na Minova, na anaivuna kwa mkono, punje nyekundu moja moja. Tofauti iko sokoni. Tangu mwaka 1927 wakulima wa Kolombia wana shirikisho lao la taifa. Kila siku bei inatangazwa, na mkulima anajua kwamba akifikisha kahawa yake kwenye kituo cha ushirika, itanunuliwa. Bei inapanda na kushuka kulingana na soko la dunia, na mkulima huyo alilalamika sana. Lakini hatembei gizani.

Mimi nilikumbuka wakulima wa kwetu ambao kwa miaka mingi walivusha kahawa usiku kwa mitumbwi hadi Rwanda ili wapate bei, na wengine wakazama ziwani. Ardhi yetu inazaa vizuri kama ile ya Salento, kwa hiyo sababu haiko katika udongo.

Medellín kwa kifupi

Medellín tulikaa siku mbili. Mji huo ulikuwa unaogopwa duniani kote katika miaka ya 1980 na 1990. Leo una metro, na tangu 2004 una vibanda vinavyoning'inia kwenye kamba na kupandisha watu wa mitaa ya mlimani kwa tiketi ya kawaida. Katika Comuna 13 waliweka ngazi za umeme nje, mtaani, mwaka 2011. Mwaka 2016 serikali ilifanya mapatano na waasi wa FARC baada ya vita ya zaidi ya miaka 50. Wakaaji walituambia wazi kwamba si kila kitu kimetulia, kwani vikundi vingine bado viko msituni. Hata hivyo watoto wanakwenda masomoni, na hilo tulilitazama kwa wivu.

Cartagena na Palenque

Cartagena iko kwenye bahari ya Karibe. Joto lake ni la Matadi au la Kalemie. Ndani ya kuta za mawe za Wahispania kuna nyumba nzuri na watalii wengi. Lakini mji huo, ulioanzishwa mwaka 1533, ulikuwa mojawapo ya bandari kubwa za kuuza watumwa Waafrika katika Amerika. Wengi wao walitoka Kongo na Angola. Katika kanisa la San Pedro Claver yamehifadhiwa mabaki ya padri Mjezuiti aliyekuwa anawapokea katika meli, akisaidiwa na wakalimani Waafrika. Alifariki mwaka 1654.

Siku ya 12 tulikwenda San Basilio de Palenque, kijiji kilicho karibu kilomita 50 kutoka Cartagena. Wakaaji wake ni wazao wa watumwa waliotoroka na kujenga ngome msituni. Kiongozi wao, Benkos Biohó, aliuawa na Wahispania mwaka 1621, lakini watu wake hawakushindwa. Mwanzoni mwa karne ya 18 utawala wa Hispania ulikubali uhuru wao. Katika uwanja wa kijiji kuna sanamu ya Biohó akinyoosha mikono, minyororo imekatika. Unesco ilitambua utamaduni wa kijiji hicho mwaka 2005. Hapo ndipo alipozaliwa pia Kid Pambelé, Mkolombia wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa ngumi, mwaka 1972.

Kijiji kina lugha yake. Maneno mengi ni ya Kihispania, lakini wataalamu wanasema sehemu ya Kiafrika inatoka hasa Kikongo. Mama mmoja mzee aliyekuwa anauza pipi za nazi alituonyesha mnyama akasema "ngombe". Akamwonyesha mjukuu wake, akasema "moná". Bibi yangu akamjibu kwa Kiswahili: ng'ombe, mwana. Wakatazamana, kisha wakashikana mikono.

Chakula nacho kilitupeleka nyumbani. Makemba ya kukaanga, samaki, mihogo, na unga wa mihogo uliochemshwa ndani ya majani kama chikwangue. Tena mihogo yenyewe ilitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakaileta Kongo. Kwa hiyo fufu yetu ina asili kule. Sombe tu hatukuipata. Watu walishangaa kusikia kwamba kwetu tunakula majani.

Mwongozaji alitueleza kuhusu lumbalú, desturi ya kilio ya Palenque. Mtu akifa, jamaa na majirani wanakesha naye siku tisa, kwa ngoma, kwa nyimbo na kwa machozi, mpaka roho ipate njia. Bibi yangu alisikiliza, kisha akasema: mama yangu hakupata hata usiku mmoja wa binti yake. Akaanza kulia.

Tulikuwa tumepanga kurudi Cartagena jioni ile. Hatukurudi. Mama wa nyumba alitoa viti uani, akaita majirani, na wale watu wasiotufahamu wakakaa nasi hadi karibu saa sita usiku. Hawakufanya lumbalú, kwa sababu hiyo si maonyesho. Walikaa tu. Mmoja aliuliza jina la marehemu, na wote wakalitamka. Kwetu tunajua maana yake: ndiyo kilio.

Muziki wetu ugenini

Usiku wa mwisho Cartagena tulifika kwenye picó, yaani yale mabafle makubwa yaliyochorwa rangi. Katika miaka ya 1970 mabaharia walileta sahani za muziki kutoka Afrika, zikiwemo za Kongo. Wenye picó walikuwa wanakwangua karatasi ya sahani ili mshindani asijue jina la wimbo. Watu hawakuelewa maneno, kwa hiyo walizipa nyimbo majina yao ya Kihispania. Hapo ndipo ilizaliwa champeta, na vijana wa Palenque kama Viviano Torres walikuwa kati ya waanzilishi wake. Ilipolia sauti ya Mbilia Bel, tulikuwa watu wawili tu pale walioelewa maneno. Bibi yangu alicheza. Mimi nilitazama tu.

Kabla ya kulala alituma sauti ya yule mama mzee wa Palenque katika kundi la familia. Shangazi yake wa Bukavu, ambaye ndiye alikuwa ametukemea zaidi kwa sababu ya safari, alijibu asubuhi: hao ni ndugu zetu wa upande gani? Muulizeni wanahitaji nini.

Kwa anayetaka kwenda: visa inaombwa kwa intaneti. Anayetoka Kongo lazima awe na karte ya manjano ya chanjo. Dola moja ilikuwa karibu peso 4.000. Jifunzeni Kihispania kidogo, kwa sababu Kifaransa hakitawasaidia. Na mkifika Palenque, msirudi siku ile ile kama wanavyofanya watalii. Lala pale.