Je, Wajua? Pua ya Mbwa wa Vita Humtegemea Askari Aliye Nyuma Yake

Mbwa wa kunusa vilipuzi, yaani mnyama aliyefunzwa kutambua kwa harufu baruti na kemikali nyingine zinazotumika kutengenezea mabomu, huandikishwa katika jeshi la Marekani kwa herufi na tarakimu zinazochorwa ndani ya sikio lake, na kwa miaka mingi amehesabiwa kuwa kifaa cha jeshi. Filamu ya *Megan Leavey*, iliyotolewa mwaka 2017 na kuongozwa na Gabriela Cowperthwaite, inasimulia kisa cha kweli cha mbwa mmoja wa namna hiyo, Rex, mwenye namba E168, wa jamii ya German Shepherd, pamoja na Megan Leavey, koplo wa kikosi cha Marine aliyemwongoza katika vita vya Iraki, ambaye katika filamu anaigizwa na Kate Mara. Watazamaji wengi huikumbuka kwa machozi iliyowatoa, lakini kinacholiza ndani yake ndicho pia kinachoeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, kwa sababu bila mapenzi ya askari na mbwa wake, pua iliyo kali kuliko zote haiwezi kutegemewa barabarani.

Uwezo wa mbwa huanzia kwenye umbile la pua yake. Binadamu ana seli za kunusia takriban milioni 5 hadi 6, ilhali mbwa ana zaidi ya milioni 200, na hewa anayoivuta hugawanyika njia mbili: sehemu kubwa hushuka mapafuni, na sehemu ndogo, karibu asilimia 12, huelekezwa nyuma ya pua, kwenye vifupa vyembamba vilivyojikunjakunja na kufunikwa na utando wa seli hizo, ambako molekuli za harufu hupata muda wa kunaswa. Anapotoa pumzi, hewa hupitia mipasuko iliyo ubavuni mwa pua badala ya kutoka moja kwa moja mbele, hivyo harufu anayoitafuta haipeperushwi, na anaponusa kwa bidii huvuta hewa kwa mikupuo mifupi, karibu mara 5 kwa kila sekunde.

Hata hivyo, mfumo huu una udhaifu mkubwa ambao mara nyingi husahauliwa. Mbwa hapoozi mwili kwa kutoa jasho mwili mzima kama binadamu bali kwa kuhema mdomo ukiwa wazi, na mbwa anayehema hanusi vizuri. Katika miji ya Iraki, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 45 za Selsiasi, askari anayembebea mbwa wake maji, akamtafutia kivuli na kujua ni wakati gani apumzishwe, huwa anailinda pua hiyo, na kwa kuilinda huyalinda maisha ya kila askari anayewafuata nyuma.

Mbwa mwenyewe hajui bomu ni kitu gani. Katika kituo cha jeshi cha Lackland, mjini San Antonio, Texas, harufu ya kila kilipuzi huambatanishwa na tuzo anayoipenda, kwa kawaida mpira wa kuchezea, hadi akiipata harufu hiyo anatarajia mchezo. Hufunzwa pia kwamba akishaipata akae kitako, asiparue ardhi, kwa kuwa mnyama wa kilo 30 akichokora udongo anaweza kukilipua kile alichotumwa kukitafuta. Tofauti yake na panya buku wanaofunzwa na shirika la APOPO mjini Morogoro, Tanzania, inafundisha mengi: panya hao nao hutambua harufu ya TNT iliyomo katika mabomu ya ardhini, na mmoja wao, Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020 kwa kazi yake nchini Kambodia, lakini panya buku ana uzito wa kilo moja na ushei, hafyatui mitego, na huruhusiwa kuparua. Tena hufanya kazi katika eneo lililokwisha kupimwa, akifungwa kwenye kamba iliyonyooshwa kati ya watu wawili, ambapo hakuna anayemfyatulia risasi. Mbwa wa vita hupelekwa barabarani, katikati ya kelele, takataka na maadui, na hapo ndipo askari anayemwongoza anapokuwa nusu ya kazi.

Kabla mbwa hajakaa kitako huonyesha dalili ndogondogo: shingo hugeuka ghafla, mkia hubadili mwendo, pumzi hubana, hatua hupungua, na dalili hizo hutofautiana kati ya mbwa mmoja na mwingine. Mwongozaji asiyemjua mbwa wake atazipita, akamvuta kamba waendelee, nao wote wawili wakaingia kwenye mtego. Mawasiliano hayo huenda pande zote mbili, kwani mbwa naye humsoma binadamu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's mjini Belfast, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba mbwa huweza kutofautisha jasho na pumzi ya mtu akiwa ametulia na ya mtu yuleyule akiwa na mfadhaiko. Miaka saba kabla ya hapo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Azabu nchini Japani walikuwa wamegundua kwamba mbwa na mwenyewe wakitazamana kwa muda mrefu, kiwango cha oksitosini, homoni inayohusika na upendo wa mama na mtoto wake mchanga, hupanda kwa wote wawili, jambo ambalo halikuonekana kwa mbwamwitu hata wale waliolelewa na watu.

Rex aliishi chini ya utaratibu unaoufanya uhusiano kama huo kuwa mgumu, kwa kuwa jeshi hubaki na mbwa huku askari wakibadilishwa. Mwaka 2004 alikuwa Iraki na mwongozaji mwingine, Mike Dowling, ambaye baadaye aliandika kitabu kumhusu, kisha akakabidhiwa kwa Leavey, akaenda naye Fallujah mwaka 2005 na Ramadi mwaka 2006. Tarehe 4 Septemba mwaka huo, bomu la kutegwa liliwajeruhi wote wawili, na Leavey akatunukiwa nishani ya Purple Heart, inayotolewa kwa askari wa Marekani waliojeruhiwa au kuuawa na adui. Leavey alipoacha jeshi mwaka 2007, Rex alihesabiwa kuwa bado anafaa kwa kazi, akabaki kambini Pendleton, California.

Madhara ya vita kwa mbwa yalichelewa mno kukubaliwa. Mwaka 2011 madaktari wa mifugo wa jeshi la Marekani walikadiria kwamba zaidi ya asilimia 5 ya mbwa waliopelekwa vitani walikuwa na msongo wa akili unaotokana na kiwewe: wengine walikataa kuingia majengoni walimokuwa wakiingia bila shida, wengine wakawa wakali au wakamng'ang'ania mwongozaji wao kupita kiasi.

Sheria nayo ilijikokota. Mbwa wapatao 4,000 walitumikia jeshi la Marekani katika vita vya Vietnamu, na wengi wao waliachwa huko au wakauawa kwa sindano, kwa kuwa walihesabiwa vifaa visivyostahili gharama ya kurudishwa. Mwaka 2000 tu ndipo Rais Bill Clinton aliposaini sheria inayoitwa kwa jina la mbwa Robby, iliyoruhusu mbwa waliostaafu wachukuliwe na watu wa kuwatunza. Rex alipopatwa na ugonjwa wa kupooza uso uliomwondoa kazini, ilibidi Leavey akusanye saini za maelfu ya watu na kusaidiwa na Seneta Charles Schumer ndipo akabidhiwe mbwa wake, Aprili 2012, na Rex akafa Desemba ya mwaka huohuo. Miaka 3 baadaye, sheria ya bajeti ya ulinzi iliyosainiwa Novemba 2015 ililazimu mbwa wanaostaafu nje ya nchi warudishwe Marekani, na ikawapa kipaumbele cha kuwachukua askari waliowahi kuwaongoza.