Sindano Imelala Kikapuni: Kurudisha Hamu ya Kufuma

  Leo tunazungumza juu ya kikapu cha uzi kilichosukumwa chini ya kitanda.

Ukiingia katika nyumba nyingi za Buruburu, Umoja, Jericho, Kayole au Dandora, utakuta vitambaa vyeupe juu ya makochi, kimoja juu ya redio na kingine juu ya meza. Vingi vilifumwa kwa mkono wa mama mwenye nyumba, kwa sindano ya kroshia, ile yenye ndoana kichwani. Lakini mara nyingi mama huyo atakuambia, "Siku hizi sifumi tena. Hamu iliisha." Akiulizwa kwa nini, anajibu kwamba hajui.

Pengine wewe ni mmoja wao. Unajiuliza, je, jambo hili linahusu afya? Ndiyo, linahusu. Hamu ya kufanya kitu ulichokipenda ni kama joto la mwili. Ikibadilika, kuna sababu. Wakati mwingine sababu ni ndogo, na wakati mwingine ni ugonjwa unaohitaji matibabu. Kwa hiyo kabla ya kujilaumu kwamba umekuwa mvivu, tafuta kwanza chanzo.

SABABU YA KWANZA: KAZI YENYEWE IMECHOSHA

Mama wengi walianza kufuma kwa kupenda, kisha majirani wakaanza kuagiza. Oda moja ikawa tano. Mteja mmoja akalipa nusu, mwingine akasema atalipa mwisho wa mwezi. Kufuma kukawa deni.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme uzi umekula shilingi 600 na nauli ya kwenda mjini kuununua na kurudi ni shilingi 100. Umefuma kwa jioni 10, ukauza kwa shilingi 800. Umebaki na shilingi 100, yaani shilingi 10 kwa kila jioni. Mwili wako uliifanya hesabu hii kabla ya kichwa, ndipo mkono ukakataa kushika sindano. Huo si uvivu. Dawa yake ni kupandisha bei, kuomba malipo ya uzi kabla ya kuanza, au kuacha oda kwa muda na kufuma kitu chako mwenyewe.

Sababu nyingine ya aina hii ni kazi kubwa isiyokwisha. Ulianza kifuniko cha kitanda, ukafika robo, na sasa kila ukikitazama unachoka. Hapo ulichochoka ni kile kifuniko tu. Kufuma chenyewe bado unaweza kukipenda.

SABABU YA PILI: MKONO NA JICHO

Je, ulipoacha kufuma, vidole vilikuwa vikiuma? Je, usiku unaamka ukihisi ganzi au sindano sindano kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati? Hiyo yaweza kuwa dalili ya mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Huwapata sana watu wanaorudia kazi moja ya mkono, na pia wanawake wajawazito. Nenda kituo cha afya uangaliwe. Ukifuma, pumzika kila baada ya dakika 20 au 30, kunjua vidole, zungusha mabega. Unaweza kuzungushia kitambaa laini kwenye mpini wa sindano ili usiibane sana.

Na macho je? Baada ya umri wa miaka 40 hivi, kila mtu huanza kupungukiwa na uwezo wa kuona vitu vya karibu. Ukijikuta unausogeza uzi mbali ili uone tundu, au kichwa kinauma baada ya mistari michache, huenda unachohitaji ni miwani. Pima macho kabla ya kununua miwani. Wakati huo, acha uzi mweusi na wa buluu kwa mchana, na jioni fuma kwa uzi mweupe au wa rangi angavu.

SABABU YA TATU: MWILI UMEISHIWA NGUVU

Upungufu wa damu huleta uchovu usioisha hata ukilala. Huwapata sana akina mama wajawazito, waliojifungua karibuni, na wenye hedhi nzito. Dalili zake ni kuchoka haraka, kizunguzungu, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, na viganja kuwa vyeupe. Kipimo chake ni tone la damu tu. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri nayo huweza kumfanya mtu awe mzito, ahisi baridi na akose hamu. Mweleze mhudumu wa afya dalili zote, si moja tu.

SABABU YA NNE: HUZUNI ILIYOKAA

Hapa tutulie kidogo, mama, kwa sababu sababu hii ndiyo inayofichwa zaidi.

Kuna ugonjwa ambao madaktari huuita unyogovu, na wengine husema sonona. Watu wengi hudhani mgonjwa wake ni lazima alie. La. Moja ya dalili zake kuu mbili ni huzuni, na ya pili ni kupoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyafurahia. Mama anaweza kuwa anapika, anaosha, anapeleka watoto shule, anacheka na mama mboga, lakini ndani yake hakuna kinachompa raha.

Jiulize maswali haya mawili. Katika wiki mbili zilizopita, je, nimekuwa na huzuni au kukata tamaa karibu kila siku? Je, nimekosa hamu au raha katika mambo ninayoyapenda karibu kila siku? Jibu likiwa ndiyo kwa moja au yote mawili, usingoje. Angalia pia kama usingizi umebadilika, kama chakula hakina ladha au unakula kupita kiasi, kama unashindwa kukaza mawazo hata kuhesabu tundu za kufuma, na kama unajiona huna thamani.

Tofauti iko hapa. Mama aliyechoshwa na kufuma bado hufurahia mambo mengine: kuimba kwaya, kukutana na wenzake wa chama, kucheza na mtoto. Mama mwenye unyogovu huona yote yamepoa, si uzi peke yake.

Kwa mama aliyejifungua, fahamu hili. Machozi na wasiwasi katika siku chache za kwanza ni jambo la kawaida, na kwa kawaida huisha kabla ya wiki mbili. Yakiendelea zaidi ya hapo, ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu wanawake 20 kati ya kila 100 waliojifungua hupatwa na tatizo la afya ya akili, na kubwa zaidi ni unyogovu. Kwa hiyo hukulogwa, na wewe si mama mbaya.

JINSI YA KURUDI KWENYE SINDANO

Watu wengi husema, "Nitaanza hamu ikirudi." Wataalamu wa afya ya akili wamegundua kwamba mara nyingi mambo huenda kinyume: kitendo kidogo hutangulia, na hamu hufuata nyuma yake. Njia hii hutumiwa hata katika kuwatibu wenye unyogovu. Jaribu hatua hizi:

1. Toa kikapu chini ya kitanda. Kiweke mahali unapokaa jioni, lakini juu, watoto wadogo wasifikie sindano. Siku ya kwanza usifume. Panga uzi tu, toa uliooza, shika rangi unazozipenda.

2. Chagua dakika 10, si saa nzima. Ziunganishe na jambo unalolifanya kila siku, kama kungoja maharagwe yaive au kusikiliza taarifa ya habari. Dakika zikiisha, weka chini, hata kama unataka kuendelea. Afadhali kuacha ukiwa bado na kiu.

3. Anza na kitu kidogo kinachokwisha. Kofia ya mtoto mchanga, kitambaa cha kuwekea kikombe, au mraba mmoja. Mwezi wa Julai Nairobi huwa na baridi, na kofia ya mtoto haikosi kichwa cha kuivaa.

4. Jipe ruhusa ya kufumua. Kile kifuniko cha kitanda kinachokutisha, kifumue ukitaka. Uzi wako unarudi mzima, na moyo unapata nafasi. Mama asiye na pesa ya uzi anaweza kununua sweta la mtumba lililofumwa, akalifumua, akaosha uzi na kuuanika.

5. Kwa mwezi wa kwanza usifume cha kuuza. Fumia nyumba yako, au mtu unayempenda. Biashara itarudi baadaye, na bei yako ikiwa imepigiwa hesabu.

6. Weka alama kwenye kalenda kila siku uliyofuma, na uandike karibu yake moyo ulikuwaje: chini, katikati au juu. Baada ya wiki mbili utaona kama kuna mabadiliko. Kama hakuna, karatasi hiyo itakusaidia kumweleza daktari.

Haba na haba hujaza kibaba, mama. Usipime siku moja. Pima mwezi.

USIFUME PEKE YAKO

Upweke hula hamu. Katika ploti zetu watu hukaa mlango kwa mlango, lakini mama anaweza kupita wiki nzima bila kuulizwa, "Uko aje, kwa kweli?" Tafuta wenzako wawili au watatu, mkae nje kwenye jua la Jumamosi, kila mtu na uzi wake. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka. Ni rahisi kusema neno zito ukiwa unatazama sindano kuliko ukitazamwa machoni.

Nchini Zimbabwe jambo hili limefanyiwa kazi. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza na nyanya 14 katika mtaa wa Mbare, jijini Harare. Walifunzwa kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye kile ambacho kwa Kishona huitwa kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Mpango huo unajulikana kama Benchi la Urafiki. Baada ya mazungumzo ya benchi, wanawake hualikwa katika vikundi, na humo wengi hufuma mifuko kwa sindano ya kroshia wakitumia plastiki iliyokwisha kutumika, huku wakizungumza. Utafiti uliotolewa mwaka 2016, uliohusu wagonjwa 573 katika zahanati 24 za Harare, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliohudumiwa na nyanya hao walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ikiwa Mbare iliweza, Kariobangi nayo inaweza.

WAKATI WA KUTAFUTA MSAADA

Kufuma kunasaidia, lakini hakuchukui nafasi ya matibabu. Nenda kituo cha afya ikiwa dalili zimepita wiki mbili, ikiwa huwezi kumhudumia mtoto, au ikiwa unatumia pombe au vidonge ili ulale. Anza na kituo kilicho karibu nawe, au hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Ukihitaji daktari wa akili utaelekezwa hospitali ya Mathari. Usiogope jina hilo. Wengi huenda pale, hutibiwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ukipewa dawa za unyogovu, fahamu kwamba huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu zake, na usiziache ghafla bila kumwuliza daktari. Kama unanyonyesha, sema mapema, kwani zipo dawa zinazofaa.

Ikiwa umewaza kujiua au kumdhuru mtoto, hiyo ni dharura. Mwambie mtu leo, usibaki peke yako, nenda hospitali, au piga nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambayo hailipiwi. Zamani watu waliogopa kusema kwa sababu sheria yetu iliadhibu kujaribu kujiua. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sema.

Na wewe baba, au mama mkwe, unayesikiliza kando: usimwambie, "Mbona siku hizi umezembea?" Mshike mtoto kwa nusu saa. Mwulize yukoje, kisha nyamaza usikilize. Akihitaji kwenda kliniki, mfuate.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kupoteza hamu si uvivu, ni dalili yenye sababu. Angalia hesabu, mkono, jicho, damu na moyo. Kitendo kidogo huitangulia hamu. Fuma na wenzako. Dalili zikipita wiki mbili, nenda kituo cha afya.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni kitu gani ulichokipenda zamani ambacho sasa umekiacha? Kiliachwa lini, na wakati huo nyumbani kulikuwa na nini?

2. Katika mtaa wetu, mama mwenye huzuni huambiwa nini? Maneno gani yangemsaidia zaidi?

3. Ni nani kati yetu anaweza kutoa mlango wake na saa moja ya Jumamosi ili tukae tufume pamoja?