Kumjua Jirani kwa Kuzungumza Naye: Mfano wa Kalemie

Umahiri wa kuishi na watu wa mila nyingine haurithiwi, wala haumjii mtu kwa sababu tu amezaliwa katika mji wenye makabila mengi. Ni ujuzi wa kujifunza, nao una mambo matatu: kuzijua desturi za mwenzako, kutambua kwamba hata zako ni desturi tu na si sheria ya dunia nzima, na kuweza kurekebisha mwenendo wako inapobidi bila kujidharau wala kumdharau yeye. Jambo la kwanza mtu anaweza kulipata vitabuni. Yale mawili mengine hupatikana hasa katika mazungumzo ya ana kwa ana, kwa kuwa hapo ndipo mtu anapoulizwa asichotarajia na kusahihishwa papo hapo. Hata hivyo, si kila mazungumzo hufundisha, na hilo linaonekana vizuri Kalemie, makao makuu ya jimbo la Tanganyika, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mji huu umekaa pale Mto Lukuga unapotoka katika Ziwa Tanganyika. Watumbwe, Waholoholo na Watabwa ni miongoni mwa wenyeji wa zamani wa mwambao huo. Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka Ujiji ilivuka ziwa na kuleta Kiswahili. Mwaka 1891 Wabelgiji walijenga kituo cha kijeshi kilichoitwa Albertville, jina lililodumu hadi baada ya uhuru. Reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, mwaka mmoja baada ya reli ya Dar es Salaam kufika Kigoma, ng'ambo ya pili. Bandari, reli, kiwanda cha nguo cha Filtisaf na cha saruji kule Kabimba vilivuta Waluba, Wabembe na wengine wengi. Leo wanunuzi wa samaki kama mikeke na ndakala, na wa makala (makaa), wanatoka kila upande, na wote wanapatana bei kwa Kiswahili.

Lugha moja ni neema kubwa, lakini inaweza kuwafanya watu waamini kwamba wanaelewana kumbe bado. Mfano mzuri ni ndoa. Kwa mila ya Watabwa, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti nzito juu ya watoto wa dada yake. Kwa Waluba wa Katanga, mtoto ni wa ukoo wa baba. Familia mbili za namna hiyo zikikaa kuzungumzia mahari, zote zitasema Kiswahili safi, zitakula bukari (ugali) na sombe (kisamvu) katika sahani moja, na zitaachana kwa furaha. Ugomvi utakuja miaka baadaye, mjomba atakapotaka kushauriwa kuhusu shule au ndoa ya mtoto, na baba akaona anaingiliwa nyumbani kwake. Hakuna aliyedanganya. Kila upande ulichukua la kwake kuwa la wote, na kwa hiyo haukuona haja ya kuuliza. Swali moja siku ile ya mahari, kwamba kwenu mtoto akipata shida anaitwa nani kwanza, lingefichua tofauti hiyo mapema.

Mgeni naye anaweza kujifunza maneno bila kuwajua watu. Mwezi Aprili 1965 mwanamapinduzi Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma akiwa na wapiganaji wa Cuba, kuwasaidia waasi waliokuwa milimani upande wa Fizi, kaskazini ya Kalemie. Wacuba walijipa majina ya nambari za Kiswahili, na Che mwenyewe akaitwa Tatu. Alifundishwa Kiswahili na kijana wa Kikongo aliyekuwa mkalimani wake. Mwishoni mwa Juni Wacuba na waasi walishambulia Bendera, kwenye kituo cha umeme wa maji kinachoihudumia Kalemie, wakashindwa vibaya. Kufikia mwisho wa Novemba Wacuba walikuwa wameondoka. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, kuanzia viongozi kukaa mbali na mstari wa mbele hadi nguvu ya jeshi la serikali lililosaidiwa na mamluki.

Lakini katika kumbukumbu zake Che alieleza pia habari za dawa ya kuzuia risasi ambayo waasi waliiamini sana. Machoni pa Wacuba ulikuwa ushirikina unaodhoofisha jeshi. Kwa waasi wenyewe dawa ilikuwa na masharti: anayeogopa haimlindi, wala anayechukua mali isiyo yake, wala anayegusa wanawake. Masharti hayo yenyewe ni kanuni za nidhamu, jambo ambalo Wacuba walikuwa wakililia kila siku. Pande mbili zilikuwa zikitaka kitu kimoja kwa njia mbili. Che aliyasikia masharti na kuyaandika, lakini mtu anayeuliza ili akosoe huishia kukusanya makosa ya wenzake, hata kama masikio yake ni mazuri.

Kisa kizito zaidi ni cha majirani wa siku zote. Watwa na Waluba wa Tanganyika wamezungumza kila siku kwa vizazi vingi. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya mazungumzo hayo ilikuwa ya bwana na kibarua. Watwa walilima mashamba ya wengine na mara nyingi walilipwa chumvi, nguo au chakula. Wanaume wa nje walioa wanawake wa Kitwa, lakini mwanamume wa Kitwa kuoa nje ilikuwa nadra mno. Katika hali hiyo aliye chini hujifunza mengi kuhusu aliye juu, kwa sababu maisha yake yanategemea kujua. Aliye juu hajifunzi kitu, maana hana haja ya kuuliza. Vita kati ya Watwa na Waluba vilianza mwaka 2013, vikaenea Manono, Nyunzu na Kabalo, vikachacha tena mwishoni mwa 2016, na kufikia mwaka 2017 zaidi ya watu 500,000 wa jimbo walikuwa wameyakimbia makazi yao, na kambi zikaizunguka Kalemie.

Mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport alishaandika mwaka 1954 kwamba kukutana tu hakuondoi chuki. Watu wanahitaji kukutana wakiwa na hadhi sawa, wakiwa na lengo moja, wakishirikiana kulifikia, na wenye mamlaka wakiunga mkono. Mabaraza ya vijiji yaliyoundwa jimboni, yenye wajumbe wa Watwa na Waluba pamoja, yanafuata mkondo huohuo. Mtwa akikaa barazani kama mjumbe, Mluba analazimika kumsikiliza hadi mwisho, na huo ni mwanzo ambao shambani haukuwapo.

Mashariki ya Kongo imetoa pia onyo ambalo kila mpenda mazungumzo anapaswa kulijua. Mchezo wa redio ulioitwa Kumbuka Kesho ulitangazwa huko ukihimiza maelewano. Katika baadhi ya maeneo kiliongezwa kipindi cha kuwachochea wasikilizaji wajadili yale waliyoyasikia. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alilinganisha maeneo hayo na yale yaliyokosa kipindi hicho, akatoa matokeo mwaka 2010: waliopata kipindi cha mjadala walizungumza zaidi, lakini walikuwa na uvumilivu mdogo zaidi, walikumbuka zaidi machungu yao, na hawakuwa wepesi kuwasaidia watu wa kundi wasilolipenda. Watu wakiachwa wajadiliane wenyewe kwa wenyewe kuhusu wasiokuwapo, bila mwelekezaji, hupashana moto.

Kwa hiyo namna ya kuuliza ina uzito wake. “Kwa nini ninyi mnafanya hivi?” ni shtaka, hata likisemwa kwa tabasamu. “Mtoto akizaliwa kwenu, nani humpa jina?” humpa mwenzako nafasi ya kuwa mwalimu. Anayejibu aachwe ajisemee mwenyewe, asigeuzwe msemaji wa kabila zima, kwa kuwa kijana wa Kitabwa aliyekulia mjini huenda hamjui mjomba kwa namna babu yake alivyomjua. Muulizaji naye awe tayari kuulizwa, kwani anayeuliza tu bila kujieleza huonekana mpelelezi. Na akishasikia, arudie kwa maneno yake alivyoelewa, asahihishwe. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, nayo ndiyo yenye faida kubwa.

Mzaha unaweza kusaidia pale tu pande zote zilipoukubali. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo nchini Tanzania ulikua katika safari za misafara, watu walipotegemeana njiani kwa maji, chakula na mazishi. Ulijengwa juu ya wajibu wa kusaidiana, na mgeni anayeiga matusi yake bila kubeba wajibu huo anatukana tu.

Pale damu ilipomwagika, mpangilio wa mada ni muhimu. Waliorudi kijijini wanaweza kuanza na mpaka wa shamba, kisima, malipo ya kibarua na shule ya watoto, mambo ambayo kila upande unayahitaji na ambayo jibu lake linaonekana. Maswali kuhusu waliouawa hungoja wazee wa pande zote wawepo, na hungoja waliofiwa waseme wenyewe kwamba wako tayari.